Seyidna Umar r.a. na Mali za Walioshindwa

Litajwapo jina la Seyidna Umar bin Khattab r.a., Khalifa wa pili wa Mtume Mtukufu s.a.w., watu wengi hukumbuka kwanza majeshi yaliyozishinda dola za Kaisari na Kisra. Na miongoni mwa wanaotujia kuuliza habari za dini, wapo waliosoma katika vitabu vya wapinzani kwamba Khalifa huyu aliwahamisha Mayahudi wa Khaibar na Fadak kutoka katika makao yao. Jambo hilo lilitokea kweli, wala hatuna haja ya kulificha. Lakini habari yenyewe hukatwa katikati, na sehemu iachwayo ndiyo ile ya malipo.

Alizaliwa Makka katika kabila la Kuraishi, ukoo wa Bani Adi, akawa mmoja wa wachache wa mji ule waliojua kusoma na kuandika. Alikuwa mtu wa ghadhabu kali, tena adui wa Waislamu, mpaka alipoisikia Kurani Tukufu nyumbani kwa dada yake, akasilimu yapata mwaka 616. Ghadhabu ile haikuondoka siku moja. Imesimuliwa kwamba huko Madina mwanachuoni wa Kiyahudi, jina lake Zaid bin Sa'na, alimjia Mtume s.a.w. kudai deni lake kabla ya siku yake, akamkamata nguo na kumsemea maneno mazito. Umar r.a. akamtisha kwamba angemwua. Mtume s.a.w. akamwambia Umar kuwa wote wawili, mdai na mdaiwa, walihitaji kwake jambo bora zaidi ya hilo: amhimize mmoja kulipa vizuri na mwingine kudai vizuri. Kisha akamwamuru aende yeye mwenyewe kulilipa deni lile, na aongeze pishi 20 za tende kwa sababu ya hofu aliyomtia yule Myahudi. Fikiri, ndugu msomaji: hakuna aliyejeruhiwa wala kilichovunjika, lakini hofu peke yake ilipimwa kwa pishi, na aliyetumwa kuzipima ni yule yule aliyetisha.

Mwaka wa 7 wa Hijra (628) Umar r.a. alikuwako katika vita vya Khaibar. Mapatano yalipokwisha kufanywa, baadhi ya askari waliingia katika mali za wenyeji na kula matunda yao, Mtume s.a.w. aliposhtakiwa aliwakusanya watu kwa sala na kuwakataza wazi wazi kugusa mali za wenye mapatano nje ya haki iliyokubaliwa. Mwaka uliofuata, baada ya Makka kufunguliwa, Khalid bin Walid r.a. alikosea kwa kuwaua watu wa Bani Jadhima. Mtume s.a.w. alijitenga na tendo lile mbele ya Mwenyezi Mungu, akamtuma Seyidna Ali r.a. na mali. Ali r.a. alilipa diya za waliouawa na gharama ya kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na fedha iliyobaki akawaachia kwa ajili ya hasara ambayo pengine haikujulikana.

Basi Umar r.a. aliposhika ukhalifa mwaka 634, mwendo huu alikuwa ameuona kwa macho yake. Katika siku zake, Abu Ubaida r.a. alipolazimika kuuacha mji wa Hims kabla ya vita vya Yarmuk mwaka 636, wakazi walirudishiwa kodi waliyokuwa wamekwisha kuitoa, kwa kuwa ilitolewa ili walindwe, na ulinzi haukuwezekana tena. Mwanahistoria Baladhuri ameandika kwamba Mayahudi wa mji ule waliapa kwa Taurati kuwa liwali wa Kaisari hataingia mpaka wao washindwe, wakaifunga milango.

Sasa tuje kwenye Khaibar. Ardhi yake ilitekwa vitani, nao Mayahudi waliachwa waitumikie kwa kupata nusu ya mavuno, kwa sharti kwamba watakaa kwa muda ambao Waislamu wataridhia. Karibu na mwaka wa 20 wa Hijra, Abdullah, mwana wa Khalifa, alikwenda huko kuangalia mali yake, akashambuliwa usiku, na viungo vya mikono na miguu yake vikateguliwa. Umar r.a. aliwatangazia watu kwamba hawakuwa na adui mwingine pale, na kwamba aliwatuhumu wenyeji. Riwaya nyingine zinataja pia wasia wa Mtume s.a.w. juu ya nchi ya Waarabu. Akaamua wahame. Mzee mmoja wao akaja kupinga, akikumbusha kwamba Mtume s.a.w. mwenyewe ndiye aliyewaacha wakae. Khalifa akamjibu, wala hakugeuza uamuzi wake.

Mimi siwezi kumwambia mwenye kuuliza kwamba kuhama ni jambo jepesi. Nimeishi miaka mingi mbali na kwetu, tena kwa hiari yangu, nami najua kwamba fedha hainunui kivuli cha mti alioupanda baba yako. Lakini mtawala ambaye mwanawe ameumizwa, na mwenye jeshi lililokwisha kumshinda Kaisari, nani angemzuia asiwatoe mikono mitupu? Umar r.a. alikadiria thamani ya fungu lao la matunda akawalipa: sehemu kwa fedha, sehemu kwa ngamia, na sehemu kwa vifaa kama matandiko ya ngamia na kamba, vitu ambavyo msafiri huvihitaji kabla ya vingine vyote. Wakaenda Taimaa na Yeriko.

Fadak hesabu yake ilikuwa nyingine. Mji ule haukupiganwa. Watu wake walipatana kutoa nusu ya ardhi, na nusu ikabaki yao. Kwa hiyo hapa haikutosha kulipa matunda. Khalifa aliwatuma wakadiriaji, miongoni mwao Zaid bin Thabit r.a., mkusanyaji wa Kurani Tukufu, wakaipima nusu ile kwa thamani ya haki, nayo ikalipwa kwao. Baadhi ya wanahistoria wametaja dirhamu 50,000 au zaidi.

Mwezi wa Novemba mwaka 644, Umar r.a. alichomwa jambia katika sala ya alfajiri na mtumwa wa Kiajemi aitwaye Abu Lulu. Akiwa anatokwa na damu, alimwusia Khalifa atakayekuja juu ya wasio Waislamu walio katika ulinzi: watimiziwe ahadi zao, wapiganiwe, wala wasitwikwe wasiyoyaweza. Akamwambia Abdullah ahesabu deni alilokuwa nalo yeye mwenyewe. Likafika kama dirhamu 86,000, akaagiza lilipwe kwanza kwa mali ya jamaa yake. Halikupita juma moja baada ya maziko, Abdullah akampelekea Seyidna Uthman r.a. fedha ile, akaweka mashahidi kwamba deni limelipwa.