Bwana Kirkman na Vigae vya Kichina

Mtu avukaye Feri akaja Mji wa Kale huikuta Ngomeni makumbusho. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa marehemu James Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1906.

Kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1948, Kirkman aliyachimbua magofu ya Gedi. Kaburi moja huko limeandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399 Miladia; lakini majumba hayana tarehe. Basi alivitazama vigae vya kaure ya Kichina. Vya kijani kwa kawaida vilitangulia. Vyeupe vyenye maua ya buluu vilizidi baadaye. Sakafu iliyokifunika kigae, nayo haijavunjwa, haiwezi kuwa ya zamani kuliko kigae hicho.

Ndiyo maana bakuli lililong'olewa kaburini, hata likiuzwa ghali, limekwisha nyang'anywa ushahidi wake, na sisi tumepotewa na habari za wazee wetu.

Kirkman alifariki mwaka wa 1989. Aliye na sahani ya mababu nyumbani na aitunze, tena aandike ilikotoka.