Luigi Broglio: Mtaliano aliyeigeuza bahari ya Malindi kuwa uwanja wa roketi

Treni ya SGR ikipita Kilosa kwa kilomita 160 kwa saa, mtu anaona huo ndio mwendo. Kumbe ardhi aliyosimama inakwenda kasi mara kumi ya treni hiyo. Dunia inavyojizungusha, mkazi wa Kilosa au Mikumi anabebwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,650 kwa saa. Hahisi kitu kwa sababu nyumba, miti na hewa vyote vinakwenda naye.

Ukikaribia Ikweta, mwendo huo unaongezeka kidogo kidogo. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka huko inaupata bure, bila kuchoma hata tone la fueli. Mtu aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito na kulileta Afrika Mashariki ni Luigi Broglio.

Profesa mwenye sare

Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, jirani na Venice, Italia. Alisomea uhandisi Roma, akawa ofisa wa jeshi la anga, kisha mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma. Huko alijenga mtambo wa kupuliza upepo wenye kasi kuliko sauti, ili kupima vyombo vitafanyaje angani.

Italia ya wakati ule ilikuwa imetoka vitani na mfuko haukuwa mzito. Broglio hakujaribu kushindana na Marekani wala Urusi kutengeneza roketi kubwa. Alikubaliana na Wamarekani mwaka 1962: wao watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watengeneze satelaiti, wairushe wenyewe na watafute mahali pa kurushia.

Mahali penyewe pakawa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, pwani ya Kenya.

Jukwaa la mtumba

Yaani hapa ndipo akili yake inapoonekana. Hakujenga kituo kipya. Alichukua jukwaa kuukuu la kuchimbia mafuta, likakokotwa kwa meli kutoka Italia hadi Kenya na kupewa jina la Santa Rita. Baadaye likaja la pili, San Marco, ambalo awali lilikuwa gati la kuelea la jeshi la Marekani. Yote mawili yakasimamishwa baharini kwa miguu ya chuma. Roketi ikiharibika, mabaki yangeangukia majini, si juu ya paa la mtu.

Desemba 15, 1964, kikosi cha Broglio kilirusha satelaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Marekani. Aprili 26, 1967 ikaja zamu ya Kenya: San Marco 2 ikapaa kutoka Ngomeni. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini.

Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, jukwaa hilo lilirusha satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili kabisa. Kazi yake ilisaidia wanasayansi kupata ushahidi wa mapema wa mashimo meusi angani.

Kuanzia 1967 hadi 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka hapo, na zote tisa zilifika angani salama.

Kupima hewa isiyoonekana

Lakini Broglio alikuwa na swali lake mwenyewe: huko juu sana, kilomita 200 na zaidi, kuna hewa kiasi gani?

Satelaiti zake za San Marco zilikuwa ndio mizani. San Marco 2 ilikuwa mpira wa sentimita 66 hivi, wenye ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, vikiwa vimeunganishwa kwa springi. Hewa ikigonga ganda, ganda linasogea kidogo kuliko kiini. Ukipima mwachano huo unajua hewa ni nzito kiasi gani.

Kwa nini hilo lina maana? Kwa sababu chombo kinachorudi duniani kinatumia hewa kama breki. Madereva wa malori wanaopumzika Mikumi baada ya kushuka Kitonga wanaijua harufu ya breki zilizochemka. Mwendo ukipunguzwa unageuka joto. Sasa fikiria chombo kinachoshuka kwa kilomita 28,000 kwa saa. Ule mvuto mdogo unaanzia huko juu alikopima Broglio, kisha chini zaidi, kwenye kilomita 80 hivi, moto unakuwa mkali kweli kweli.

Pua ya chombo cha Shuttle cha Marekani ilifikia nyuzi joto 1,600 hivi. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Ndiyo maana Shuttle, iliyoanza safari mwaka 1981, ilikingwa kwa maelfu ya vigae vya nyuzi za silika, na pua na kingo za mabawa zikatengenezwa kwa kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Kuweza kukitumia tena chombo kunaanzia hapo: ngozi yake ihimili kurudi nyumbani.

Ngozi ikitoboka, ni kifo. Februari 1, 2003, Shuttle ya Columbia ilisambaratika ikirudi kwa sababu bawa lake lilikuwa limetobolewa wakati wa kuruka. Wote saba waliokuwamo walikufa.

Alichoacha

Roketi za Scout zenyewe zilikuwa za kutupwa. Zilikuwa na vipande vinne, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kikimaliza fueli kiliachwa. Kilichotumika tena na tena ni lile jukwaa la mtumba na watu waliolifahamu.

Baada ya 1988 hakuna satelaiti nyingine iliyorushwa kutoka Ngomeni. Broglio alifariki Roma Januari 2001, karibu miaka 15 kabla roketi ya Falcon 9 haijarudi kutua wima baada ya kupeleka satelaiti angani, Desemba 2015.

Kituo cha Malindi sasa kina jina lake, na masikio yake bado yako angani. Februari 2015 Ulaya ilipojaribu IXV, chombo kisicho na rubani chenye pua na tumbo la kauri ngumu, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea taarifa zake. IXV ilishuka salama kwenye Bahari ya Pasifiki, na sasa ndiyo msingi wa Space Rider, chombo cha Ulaya kinachotarajiwa kwenda na kurudi mara kadhaa.

Aprili 2023 Kenya ilirusha satelaiti yake, Taifa-1. Haikuondokea Ngomeni. Ilisafirishwa hadi California, ikabebwa na Falcon 9, na kipande cha kwanza cha roketi hiyo kikarudi kutua ardhini. Ni kweli satelaiti hiyo ilikuwa inaelekea upande wa ncha za dunia, ambako msukumo wa Ikweta hausaidii.

Hata hivyo, msukumo huo bado upo, bure, kila siku. Broglio alionyesha kuwa nchi isiyo na fedha nyingi inaweza kuutumia kwa vifaa vya mtumba. Aliyebaki kusubiriwa ni wa kuutumia tena.