Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za Roma bila viatu

Abebe Bikila alikuwa askari mlinzi wa mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Mwaka 1960 alienda Roma kukimbia marathoni ya Olimpiki, lakini viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi miguu mitupu, aliviacha. Tarehe 10 mwezi wa kenda alimaliza kilometa 42 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia.

Tokyo, mwaka 1964, alivaa viatu vyenye kumfaa, akashinda tena, majuma machache tu baada ya kupasuliwa tumbo. Alifariki mwaka 1973, akiwa na miaka 41. Miguu iliyozoezwa ndiyo ilimpa ushindi. Kiatu kinachouma angekilipia njiani.