Frederick Treves: Daktari wa mfalme aliyefundisha kusubiri

Tarehe 24 Juni 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa kwake, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alilazwa juu ya meza ya upasuaji katika Kasri la Buckingham. Aliyeshika kisu alikuwa Sir Frederick Treves.

Treves alizaliwa mwaka 1853 mjini Dorchester, kusini mwa Uingereza. Alijipatia sifa katika Hospitali ya London, iliyohudumia maskini wa mashariki mwa jiji.

Ugonjwa uliomshughulisha zaidi ni uvimbe wa kidole tumbo. Wagonjwa wengi walishikwa na maumivu makali, wakapata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Mnamo Februari 1887 alimpasua mgonjwa wa namna hiyo, akakuta kidole tumbo kimejikunja. Alikinyoosha bila kukikata, na mgonjwa akapona.

Tangu hapo alifundisha kwamba ugonjwa unaorudiarudia upasuliwe wakati wa utulivu, uvimbe ukishapoa, kwa kuwa kukata katikati ya shambulio kulihatarisha maisha. Baadhi ya madaktari, hasa nchini Marekani, walimpinga, wakisema kuchelewa ndiko kunakoua.

Mwaka 1900 mjadala huo uliingia nyumbani kwake. Binti yake, Hetty, alifariki dunia baada ya kidole tumbo chake kupasuka.

Miaka miwili baadaye, mfalme alipopata jipu tumboni, Treves hakukubali kusubiri. Mfalme alisisitiza kwamba sherehe ifanyike kama ilivyopangwa, lakini daktari alishikilia kuwa kuahirisha upasuaji kungemgharimu uhai. Alilipasua jipu, akatoa usaha, na kukiacha kidole tumbo mahali pake. Mfalme alitawazwa tarehe 9 Agosti mwaka huohuo.

Baadaye Treves aliacha upasuaji, akasafiri na kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1910 kinasimulia safari yake ya Afrika Mashariki na Uganda. Alifariki dunia mjini Lausanne, Uswisi, tarehe 7 Desemba 1923, kwa uvimbe wa utando wa tumbo.

Leo shambulio la ghafla la kidole tumbo hupasuliwa mapema katika hospitali nyingi. Hata hivyo, penye jipu, madaktari bado huweza kuondoa usaha kwanza na kuahirisha kukata kidole tumbo, kama alivyofanyiwa mfalme.