Kambarage: Mzanaki aliyemvisha Shakespeare Kiswahili

Muulize kijana yeyote wa Musoma au Bunda Nyerere alikuwa nani, atakujibu fasta: Baba wa Taifa. Basi, kaishia hapo. Leo tumwangalie upande tunaouruka, Nyerere mtu wa tamthilia. Hasa nyie mnaoshika kamera mkitaka kutoa filamu zenu wenyewe, msomeni huyu mzee.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na mama Mugaya. Nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki. Shule kaanza na miaka 12, mwaka 1934, pale pale Mwisenge, Musoma. Kisha Tabora, halafu Makerere. Jina la Julius alibatizwa mwaka 1943. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada. Siasa yake mnaijua: TANU 1954, Uhuru 1961, Rais 1962.

Sasa hapa ndipo pana utamu. Mwaka 1963, nchi ikiwa changa na kazi za Ikulu zimejaa mezani, ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Tamthilia ya kiongozi anayeuawa na rafiki zake! Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, naye ikabidi ajifiche. Kazi ile hakuiacha. Akaipitia upya, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mwaka huo huo ikaja Mabepari wa Venisi. Cheki jina hilo: Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, mzee kaweka mabepari, tena miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Wapo waliodhani Kiswahili hakiwezi kubeba mambo mazito. Hakubishana nao, aliwapa vitabu.

Lakini tusimpambe tu. Serikali yake iliweka watu kizuizini bila kesi. Na muda wote wa utawala wake Bara hatukuwa na televisheni, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo aliyetupa tamthilia vitabuni ndiye aliyetuacha bila tamthilia za kwenye luninga. Hilo nalo tuliseme.

Aling'atuka 1985, akarudi Butiama kulima na kuandika. Mwaka 1996 zikatoka Injili alizozitunga kwa tenzi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani.

Somo ni nini? Sri Lanka filamu nyingi za Kisinhala zilikuwa zinapigwa studio za India na kuigiza za Wahindi. Mwaka 1956 Lester James Peries akatoka na kamera yake hadi kijijini, akatengeneza Rekava, na 1957 ikashindanishwa Cannes. Sisi je? Filamu ngapi za Bongo watu wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho, halafu jina la Kiingereza? Tunamwonea nani aibu? Mzanaki alimvisha Shakespeare Kiswahili, sisi tunashindwa kuivisha stori ya mvuvi wa Mwigobero au mkulima wa pamba wa Bunda.

Nawasilisha. Wa kupinga apinge, ila kwa hoja, matusi hapana.