Jokichi Takamine, mtu wa adrenalini

Mtoto mchanga akifikishwa hospitali huku kifua kinabana, wazazi wengi huulizia mashine ya mvuke. Moja ya dawa zinazopitishwa humo ni adrenalini. Ndugu msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya aliyeipata.

Jokichi Takamine alizaliwa mwaka 1854 mjini Takaoka, Japani. Baba yake alikuwa tabibu. Upande wa mama walitengeneza pombe ya mchele. Alisomea kemia Tokyo, kisha Glasgow, Uskoti. Mwaka 1884 alitumwa kwenye maonyesho ya New Orleans, Marekani, akakutana huko na Caroline Hitch. Walioana mwaka 1887, na baadaye familia ikahamia Marekani. Huko Takamine alitengeneza dawa ya tumbo kutokana na kuvu wa kuchachushia pombe ya kwao.

Mwaka 1900, jijini New York, yeye na msaidizi wake Keizo Uenaka walichukua tezi za ng'ombe zinazokaa juu ya figo, wakatoa humo adrenalini safi. Ilikuwa homoni ya kwanza kupatikana ikiwa safi. Sifa nyingi zilimwendea Takamine, ingawa kazi ya mikono ilikuwa ya Uenaka. Takamine alifariki New York mwaka 1922, akiwa na miaka 67.

Hadi leo adrenalini huokoa mtu aliyepatwa na mzio mkali. Lakini kwa mtoto mchanga mwenye bronkiolaitisi, yaani vijia vidogo vya mapafu vilivyovimba na kujaa makamasi kwa sababu ya virusi, mambo ni tofauti. Watafiti wamelinganisha mvuke wa adrenalini, wa salbutamoli na wa maji ya chumvi. Salbutamoli haikuonekana kusaidia. Adrenalini huweza kuleta nafuu ya muda, lakini haifupishi ugonjwa. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri dawa hizo mbili zisitumike kwa ugonjwa huu.

Kinachomsaidia mtoto ni oksijeni ikipungua mwilini, maziwa au maji ya kutosha, na pua kusafishwa. Kwa hiyo daktari asipompa mwanao mvuke, usidhani amempuuza. Pumu ni ugonjwa mwingine, na huko salbutamoli inafaa.

Ukiona mtoto anashindwa kunyonya, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au midomo inageuka bluu, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali mara moja.