Mtoto Aliyelifuata Jua

Edward Emerson Barnard alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Nashville, nchi ya Marekani. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alikuwa maskini sana. Shuleni alikaa miezi miwili tu. Kusoma alifundishwa na mama yake nyumbani.

Alipokuwa hajatimiza miaka tisa, akapata kazi kwa mpiga picha mmoja. Siku zile picha kubwa zilitengenezwa kwa nuru ya jua. Juu ya paa palikuwa na chombo kikubwa, na kazi ya Edward ilikuwa kukigeuza polepole kwa mkono, kilielekee jua sawasawa mchana kutwa. Wavulana waliomtangulia walisinzia; yeye hakusinzia.

Usiku alizitazama nyota, wala hakuyajua majina yake. Alipokuwa kijana akapata kitabu cha habari za nyota, akatambua kwamba nyingi alikwisha kuzijua kwa sura tangu utotoni. Akaweka akiba, akanunua darubini kwa dola 380, fedha iliyozidi nusu ya mshahara wake wa mwaka mzima.

Mwaka 1877 wataalamu walikutana Nashville. Barnard akamwendea Simon Newcomb, bingwa wa elimu ya nyota, akamwuliza mtu kama yeye aweza kufanya kazi gani. Akajibiwa kwamba asiyejua hesabu za juu hatafika mbali. Kijana akajificha nyuma ya nguzo, akalia. Lakini darubini yake hakuiuza. Alifuta machozi, akaanza kujifunza hesabu.

Wakati ule tajiri mmoja alitoa dola 200 kwa kila nyota mpya yenye mkia itakayoonekana. Tangu mwaka 1881 Barnard aliziona kadhaa. Alijenga nyumba ndogo kwa mkopo, na kila deni lilipokaribia kulipwa, nyota nyingine ikatokea! Hata watu wakaiita Nyumba ya Nyota zenye Mkia.

Mwaka 1883 chuo kikuu cha Nashville kikampokea asome, naye mtu mzima mwenye mke. Mwaka 1888 akaitwa California, kwenye darubini kubwa ya Lick, juu ya mlima Hamilton. Huko, usiku wa tarehe 9 Septemba 1892, akauona mwezi wa tano wa Mushtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote. Tangu Galileo alipoiona miezi minne mwaka 1610, hakuna aliyekuwa ameona mwingine.

Tena alipiga picha za ule ukanda mweupe wa nyota ukatao mbingu. Alitumia kioo cha kamera ya zamani, kilichotengenezwa kwa kupigia picha za watu. Nuru ya nyota ni hafifu, na picha moja yataka saa nyingi; na muda huo wote kamera lazima iifuate mbingu inavyozunguka. Barnard alikaa katika baridi, jicho darubinini, mkono ukigeuza polepole. Kazi hii aliijua: ndiyo ile ya juu ya paa. Picha zake zilionyesha mawingu meusi ya vumbi kati ya nyota, na mwaka 1919 akaandika orodha ya 182.

Alikufa mwaka 1923. Kazi ile ya utoto, ambayo wengine waliilalia usingizi, ndiyo iliyomfundisha kuzifuata nyota.